Kufinyanga Udongo na Marafiki Ili Kujifunza Imani: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Lubumbashi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale waliokwisha kujaribu na kushindwa. Kila mwaka mvua zinapokatika hapa Lubumbashi, kikundi fulani cha vijana, cha akina mama au cha korali husoma Yeremia 18, habari ya mfinyanzi na chombo chake, huchota udongo siku ya Jumamosi, hufinyanga alasiri hiyo hiyo, na Jumapili baada ya ibada hutia vyungu motoni. Vyungu hupasuka, tena kwa mlio. Kisha kiongozi hutoa fundisho ambalo angelitoa hata kama hakuna mtu aliyegusa udongo, na marafiki walioalikwa kwa mara ya kwanza hawarudi tena.

Makosa ni mawili na yanafanana: udongo unaharakishwa, na somo linaharakishwa. Kikundi changu kiliyafanya yote mawili kwa misimu miwili mfululizo, ndiyo maana ninaweza kueleza kila hatua inakwamia wapi. Kanuni ninayoisimamia hapa ni moja: mikono itangulie, Andiko lifuate. Somo la imani linalopatikana hivyo huwa dogo kuliko lile la mimbarani, lakini mtu hulibeba kwa sababu amelipata kwa vidole vyake.

Vifaa na muda

Kwa watu 6, andaeni vitu vifuatavyo kabla ya kikao cha kwanza:

- Ndoo 2 za lita 20 zilizojaa udongo mkavu wa kichuguu.
- Nusu ndoo ya vigae vya vyungu vya zamani au vipande vya tofali la kuchoma, pamoja na kinu na mchi wa kuvitwangia ambao hautatumika tena kwa chakula.
- Ndoo 3 tupu, kipande cha chandarua kikuukuu, na vitambaa 2 vya pamba au vitenge vilivyochakaa.
- Mifuko ya plastiki, vijiko vya zamani, kokoto laini za mtoni, na mbao ndogo za kuwekea kazi.
- Ndimu 2 au siki kidogo.
- Mbabula (jiko la makaa), makala yaani makaa, kuni kavu, gunia 1 la unga wa mbao kutoka kwa seremala, na nyasi kavu.
- Daftari 1 la kikundi na Biblia moja. Moja inatosha, mkiwa nazo nyingi, kila mtu ataanza kutafuta mistari badala ya kutazama udongo.

Tengeni wiki 6, mkianza mwezi wa Mei au Juni. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, chungu hakikauki hadi ndani na kuni zina maji. Mwishoni mwa kiangazi upepo ni mkali na moto wa wazi unakuwa hatari.

Hatua ya 1: Kuita watu na kukubaliana

Iteni watu 5 hadi 7, na angalau mmoja awe rafiki ambaye hasali pamoja nanyi. Kikundi kikubwa kuliko hicho hugeuka kuwa darasa, na darasa huhitaji mwalimu, wakati kazi hii inahitaji watu wanaoshindwa pamoja.

Kubalianeni mapema juu ya mpangilio wa kila kikao. Saa moja na nusu ya kwanza ni ya mikono, bila mahubiri, ingawa kuimba na kutaniana kunaruhusiwa. Kisha dakika 20 za kuzungumza kwa maswali mawili tu: udongo ulifanya nini leo, na mimi nilifanya nini ulipofanya hivyo? Andiko husomwa mwishoni, fupi, halafu watu huenda nyumbani. Swali la "Mungu amekufundisha nini leo?" msiliulize, kwa kuwa kila aliyelelewa kanisani ana jibu lake tayari mfukoni.

Tahadhari: waelezeni wote tangu siku hiyo kwamba vyungu vitakavyotoka si vya kupikia wala vya kunywea. Udongo uliochomwa kwenye shimo hupitisha maji na hunyonya uchafu. Ni vya kuwekea sabuni kavu, maua makavu au mishumaa.

Hatua ya 2: Kuchagua udongo

Vichuguu vikubwa vya mji wetu, vile ambavyo wapiga matofali huvichimba, vina udongo mlaini ambao mchwa wameutoa chini kabisa, na kwa hiyo kazi ya kwanza ya mfinyanzi wamekwisha kuifanya. Ombeni ruhusa kwa mwenye parsele, yaani kiwanja. Wengi hufurahi kupunguziwa kichuguu.

Usichimbe popote upande wa Penga-Penga wala mahali penye masalio ya migodi. Kwa miaka mingi moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba ulielekezwa huko na upepo wa kusini-mashariki, na udongo wake umebeba shaba pamoja na madini ya sumu ya risasi na kadmiamu. Mtu anayeukanda kwa mikono na kuvuta vumbi lake hujidhuru bila kuhisi lolote.

Jaribio la kwanza: lowesha kiganja cha udongo, usokote kamba yenye unene wa kalamu, uizungushe kwenye kidole. Ikijipinda bila kukatika, udongo unafaa. Ikiwa na nyufa ndogo tu, bado unaweza kutumika baada ya kuchujwa. Ikivunjika vipande, nenda kichuguu kingine.

Jaribio la pili ndilo ambalo karibu kila kikundi hulikosa. Katika vichuguu vikuukuu vya Katanga mna vijiwe vyeupe vya chokaa. Dondoshea tone la ndimu au siki juu ya udongo mkavu na juu ya kila kijiwe cheupe unachokiona. Kikitoa povu, ni chokaa, na udongo huo lazima uchujwe kwa makini au uachwe.

Hatua ya 3: Kuloweka na kuchuja

Vunjeni mabonge, myatie katika ndoo, mfunike kwa maji, mwache siku 3. Msikoroge mapema, kwa maana donge kavu likiachwa hujifungua lenyewe majini, bali likikorogwa hubaki na kiini kigumu. Siku ya 3 korogeni hadi uwe uji, subirini dakika moja ili mchanga na vijiwe vizame, kisha mimineni uji katika ndoo nyingine kwa kuupitisha kwenye chandarua kilichokunjwa mara mbili. Acheni utulie usiku kucha, mwageni maji ya juu, na uji mzito mwutandaze juu ya kitenge kivulini hadi ushikike bila kunata.

Sababu ya uangalifu huu niliijua kwa gharama. Msimu wetu wa pili, vyungu 9 vilitoka motoni vizima, tukashangilia, tukavipanga dirishani. Siku ya nne vikaanza kubanduka magamba, na katikati ya kila kidonda palikuwa na chembe nyeupe ndogo kuliko punje ya mtama. Chokaa iliyopita motoni hunyonya unyevu wa hewa, huvimba, na husukuma ukuta wa chungu kutoka ndani.

Tulipoketi kuzungumza, nilikuwa tayari kusema habari ya dhambi iliyofichwa. Dada mmoja akaniwahi. Alisema kijiwe chake ni msiba ambao hakuwahi kuulilia, kwa sababu watu walimwambia kwamba Mkristo halii sana. Basi tukasoma mwisho wa Zaburi 139, ambapo mwombaji mwenyewe anaomba achunguzwe na moyo wake ujulikane, na nikashukuru kwamba nilikuwa nimefunga mdomo. Kiongozi wa kikundi ajue kwamba si kila kilichofichika ndani ya mtu ni kosa.

Dalili ya kufaulu: udongo ni laini kama siagi ukiusugua kati ya vidole, na hakuna chembe inayokwaruza.

Hatua ya 4: Kuchanganya vigae

Twangeni vigae au tofali hadi viwe kama chenga za mahindi na unga wake, mchekeche, kisha changanyeni kipimo 1 cha vigae kwa vipimo 4 vya udongo. Lowesheni vigae kabla ya kuvitwanga, na kila mtu afunge kitambaa puani, kwa kuwa vumbi hili huumiza mapafu. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Isifagiwe ikiwa kavu.

Udongo mtupu husinyaa sana unapokauka, nao hufunga njia zote ambazo mvuke ungepitia. Chembe zilizokwisha kuchomwa hazisinyai tena. Husimama ndani ya ukuta kama mawe ya msingi, hufungua njia ya mvuke, na huzuia ufa usisafiri mbali.

Kandeni dakika 15 kama mnavyokanda unga wa maandazi. Fundisho la hatua hii tunaliahirisha makusudi, kwa kuwa halieleweki kwa mtu ambaye bado hajavunjikiwa na chungu chake.

Hatua ya 5: Kufinyanga

Kila mtu achukue donge la ukubwa wa ngumi, atoboe kwa kidole gumba hadi karibu na kitako, kisha abinye ukuta huku akizungusha kidogo kidogo. Ukuta uwe na unene wa sentimita 1 au pungufu, na uwe sawa pande zote. Usawa una maana kuliko wembamba, kwa sababu sehemu nene hukauka baadaye kuliko nyembamba, na mahali zinapokutana ndipo ufa huzaliwa. Anayetaka kuongeza kimo asokote kamba za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine, akikwaruza pande zote mbili na kupaka uji wa udongo kabla ya kuunga. Muungo usiokwaruzwa utaachana, hata kama leo unaonekana umeshikana.

Sheria ya kikundi chetu ni kwamba chungu cha kwanza cha kila mtu hubomolewa na mwenyewe, kiwe kizuri au kibaya, na udongo wake hukandwa upya. Watu huichukia sheria hii. Baba mmoja aliyefinyanga vizuri tangu mwanzo alikataa, akakificha chungu chake nyuma ya ndoo, na tulicheka hadi machozi tulipokigundua. Hata hivyo sijawahi kuiondoa, kwa sababu mtu asiyebomoa chungu cha kwanza hutumia alasiri nzima kukiziba viraka.

Ndipo, wakati mikono bado ina matope, someni Yeremia 18:1-6. Tazameni jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita: chombo kiliharibika mkononi mwa mfinyanzi, wala hakikuwa kimetupwa mbali naye, na udongo ule ule ukafanywa kuwa chombo kingine kama alivyoona vema. Nabii hasemi kwamba mfinyanzi alitafuta udongo bora zaidi. Wenzako watakuwa wamekwisha kujua tofauti hiyo kabla hujawaeleza.

Dalili ya kufaulu: ukigonga ukuta kwa kidole pande zote, sauti ni moja.

Hatua ya 6: Kukausha

Hapa ndipo vikundi vingi huangukia. Hewa ya Juni na Julai katika mji wetu ni kavu sana, na chungu kilichowekwa wazi mchana mmoja hukauka mdomoni wakati kitako bado ni tope. Mdomo husinyaa, kitako hakisinyai, na chungu hupasuka bila kuguswa na mtu.

Vyungu vyote vibaki katika nyumba moja, kivulini, mbali na dirisha. Siku 3 za kwanza vifunikwe kwa plastiki, na ifunguliwe dakika chache tu kwa siku. Vikifikia ugumu wa ngozi ya kiatu, yaani havibonyei lakini ukucha bado huacha alama, visugueni kwa kokoto au mgongo wa kijiko hadi ving'ae. Kisha vigeuzeni midomo chini na mwondoe plastiki kidogo kidogo kwa siku 4 nyingine. Baada ya hapo viachwe wazi wiki nzima.

Pangeni zamu: kila siku mtu mmoja aje kuvitazama vyungu vyote, si chake peke yake. Zamu hii, kwa maoni yangu, inafundisha kuliko mazungumzo yote mtakayofanya. Mtu anayefika jioni baada ya kazi, amechoka, kugeuza vyungu vya watu 5, anaielewa Wafilipi 2:4, kila mtu asiangalie mambo yake mwenyewe tu, hata kabla hajaisoma. Na yule aliyesahau zamu yake, akakuta chungu cha mwenzake kimepasuka, atajua maana ya kuomba msamaha kwa jambo halisi. Hilo likitokea, msilifunike haraka kwa sala. Waacheni hao wawili wazungumze kwanza.

Dalili ya kufaulu: weka chungu shavuni. Kikiwa baridi kuliko hewa, bado kina maji. Usikubali kuharakishwa na yeyote, hata kama pasta ametangaza siku ya kuchoma.

Hatua ya 7: Kuchoma

Kabla ya kuwasha moto, fanyeni jaribio hili mbele ya wote. Chukueni kipande cha udongo mkavu ambao haujachomwa, mkitie katika bakuli la maji. Baada ya dakika chache kitaanza kumomonyoka, na mwishowe kitakuwa tope linaloweza kukandwa tena. Lihifadhini bakuli hilo; mtalihitaji kesho.

Pasheni vyungu joto kwanza. Viwekeni juu ya bati lililo juu ya mbabula yenye makala machache, mvigeuze kila baada ya dakika 20, kwa saa 2 au 3. Watu husema chungu hulipuka kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani. Kisa halisi kwa kawaida ni maji: yakifikia karibu nyuzi 100 za Selsiasi hugeuka mvuke, na mvuke usiopata njia hupasua ukuta. Ndiyo maana saa hizi 2 au 3 haziwezi kurukwa.

Chimbeni shimo la kina cha sentimita 40, mkiwa mmefyeka nyasi mita 3 kuzunguka, na ndoo 2 za maji ziwe karibu. Waarifuni majirani, na watoto wasimame mbali. Chini wekeni unga wa mbao, juu yake vyungu vikiwa bado na moto wa mbabula, midomo chini, kisha mzungushe vigae vikubwa ili kuni zisiviangukie. Juu pangeni kuni nyembamba, halafu nene, halafu nyasi. Washeni jioni isiyo na upepo, mkianzia juu ili moto ushuke polepole. Msitumie matairi, plastiki wala mbao zilizopakwa rangi au dawa, kwa sababu moshi wake ni sumu. Giza likiingia, chunguzeni kati ya kuni: chungu kikiwa chekundu kama kaa lililofifia, joto limetosha. Ongezeni kuni kwa saa moja zaidi, funikeni kwa majivu na bati, mwende kulala.

Msifukue usiku. Hewa baridi ikigusa chungu chenye moto hukipasua, na wiki 5 za kazi huishia kwenye udadisi wa dakika moja.

Hatua ya 8: Kufukua na kusoma

Asubuhi, majivu yakiwa baridi kabisa, toeni vyungu kimoja kimoja, kila mtu akitoa cha mwenzake. Madoa meusi ni alama za moshi, si kasoro. Chungu kilichoiva hulia kama kengele ndogo kikigongwa kwa ukucha. Kisichoiva hutoa sauti butu. Baadhi vitakuwa vimevunjika. Tukipata vizima 4 kati ya 6, sisi huhesabu kwamba tumefanikiwa sana.

Leteni lile bakuli la jana lenye tope. Kando yake wekeni bakuli jingine la maji, mtumbukize kigae kilichotoka motoni. Kitakaa humo siku nzima, mwezi mzima, bila kuyeyuka. Kati ya nyuzi 450 na 600 hivi, maji yaliyofungwa ndani kabisa ya udongo wenyewe hutoka, na baada ya hapo hakuna namna ya kuurudisha kuwa tope.

Sasa someni Yeremia 18:4 na Yeremia 19:11 kwa kufuatana. Katika sura ya 18 chombo kilichoharibika kinafinyangwa upya. Katika sura ya 19 nabii analivunja gudulia lililonunuliwa, na neno linasema halitengenezeki tena. Nilisoma sura hizi miaka mingi nikidhani zinapingana kidogo, hadi nilipoyaona mabakuli mawili yakiwa kando kwa kando: la kwanza ni udongo mbichi, la pili limekwisha kupita motoni. Mtu aliyeishi karibu na wafinyanzi alilijua hilo bila kuelezwa.

Mwe waangalifu na sehemu hii. Nimesikia sura ya 19 ikitumiwa kuwatisha vijana kwamba wakikosea mara moja basi Mungu amemalizana nao. Neno lile lilinenwa mbele ya wazee wa watu na wazee wa makuhani, katika bonde la mwana wa Hinomu, juu ya mji uliokuwa umekataa kusikia kwa muda mrefu. Halikunenwa kwa binti wa miaka 17 aliyeacha kuja korali.

Na sisi wa mji wa shaba tuna kosa letu la pekee: tukisikia moto katika Biblia, mara tunafikiri juu ya tanuru linalotenga takataka na madini, kama 1 Petro 1:7 inavyosema habari za dhahabu. Moto wa udongo hautengi kitu. Hufanya kilaini kuwa kigumu, na umbo lolote ulilokipa hubaki nalo. Waulizeni marafiki ni moto upi kati ya hiyo miwili unaofanana na mwaka wao uliopita, kisha mnyamaze. Rafiki yetu asiyesali mahali popote ndiye aliyejibu kwa kirefu kuliko wote, na hatukumwongezea neno.

Mwisho, kila aliyevunjikiwa alete vipande vyake. Katika Ayubu 2:8 kigae ni kitu cha kujikunia, na katika Isaya 30:14 hukosekana hata kipande cha kutosha kuchukulia moto jikoni au kutekea maji. Wekeni kinu katikati, vilowesheni vipande, mvitwange kwa zamu, mchekeche, mvianike, mvitie katika mfuko. Ndipo wakumbusheni kile walichokichanganya katika udongo wao wiki ya pili, na kwamba vile vilikuwa vyungu vya mtu.

Andikeni mwaka juu ya mfuko, mwuweke mahali pakavu. Kipimo ni kile kile kwa kikundi kitakachoanza Mei ijayo: 1 kwa 4.